Hamasa ya mwanafunzi haisubiri mahafali

Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, mjadala wa namna ya kuwatia wanafunzi ari hurudi kwenye kurasa za barua na kwenye vijiwe vya kahawa vya Ujiji, na pande zake ni zilezile. Upande mmoja unataka zawadi nono siku ya mahafali. Upande wa pili unataka fimbo itembee kama zamani. Sisi ni walimu wa taaluma, mmoja katika shule ya mwambao wa ziwa hapa Kigoma, mwenzake Kasulu, na tunaona pande zote mbili zimekosea saa. Mahafali ni siku moja kwa mwaka, na kiboko huisha kabla mtoto hajarudi kwenye dawati lake. Kipindi cha dakika 40 kinajirudia mara kadhaa kila siku, na ni humo mtoto anapoamua, bila kumwambia mtu, kama masomo yanamhusu au la.

Anaamua kwa kujiuliza mambo mawili. Je, leo nimeweza kitu ambacho jana kilinishinda? Na je, mwalimu ameona? Mtoto ambaye kwa wiki mbili mfululizo amejijibu "hapana" kwa yote mawili hafufuliwi na hotuba ya mgeni rasmi. Tunaomba nafasi tueleze, hasa kwa walimu wenzetu, namna ya kuyapata hayo mawili katika darasa la watoto 90 au 100. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa darasa, tunakijua. Lakini ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili unafaa darasa la watoto 25 lenye zulia.

Chukua mwanzo wa kipindi. Vipindi vingi hufunguliwa kwa "Jana tuliishia wapi?" Wanajibu walewale wanne wa mbele, na waliobaki wanaelewa kwamba mazungumzo hayo si yao. Badala yake, monita anapogawa madaftari, andika ubaoni maswali matatu: la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba watoto wanane kati ya kumi watalipata, la pili liwe la somo la jana, la tatu lichungulie somo la leo. Ikiwa ni sehemu, basi 1/4 + 2/4, kisha 1/2 + 1/4, kisha 1/2 + 1/3. Dakika tano, kila mtu kimya na kalamu yake. Swali la kwanza ndilo lenye kazi kubwa hapo, kwa sababu mtoto dhaifu wa hesabu anakuwa ameshapata jibu moja sahihi kabla somo halijaanza, na mtoto aliyekwisha kupata moja hujaribu la pili. La tatu litawashinda wengi, na ndivyo inavyotakiwa: sasa wana sababu ya kusikiliza utakapoeleza kutafuta asili inayolingana, yaani namba ya chini iliyo moja kwa sehemu zote mbili.

Zoezi hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mwalimu anaanza kukusanya alama. Ukishaandika alama, maswali matatu yamegeuka jaribio, na mtoto mwoga ananakili ya jirani. Unapoteza habari uliyoitaka, yaani nani hajui nini. Ya pili, dakika tano zinakuwa 20 kwa sababu mwalimu anaamua kufundisha upya somo lote la jana. Ukiona zaidi ya nusu wamekosa swali la pili, hapo kweli rudi nyuma. Wakiwa kumi tu, endelea na somo, hao kumi utawafuata wakati wengine wanafanya zoezi.

Kisha kuna maswali ya mdomo. "Nani anajua?" ni swali linalolisha walioshiba. Njia ya bure ya kumfikia kila mtoto ni vidole kifuani. Mwalimu anaandika majibu manne yenye namba, anahesabu mpaka tatu, na kila mtoto anaonyesha kidole kimoja hadi vinne akiwa amekibana kiganja kifuani, siyo hewani. Kifuani, kwa sababu mkono ukiwa juu darasa zima litamtazama anayesifika kwa akili na kubadilisha vidole. Kwa kutupa macho mara moja unajua kama ni watoto 15 au 70 wamepotea. Majibu matatu yasiyo sahihi yasiokotwe hovyo: kwenye 1/2 + 1/3 hakikisha 2/5 imo, maana hilo ndilo kosa wanalolifanya, la kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini.

Kwa maswali yanayotaka maelezo, kusanya vifuniko vya soda, andika kwa maka peni upande wa ndani namba ya kila mtoto kama ilivyo kwenye daftari la mahudhurio, viweke kwenye kopo tupu la rangi. Mpangilio ni huu: uliza kwanza, nyamaza, halafu ndipo uchomoe kifuniko. Ukichomoa kabla ya kuuliza, watoto 99 wanapumzika. Kifuniko kilichotoka kirudi koponi, la sivyo aliyekwisha kujibu anajua ameshamaliza kazi ya siku. (Vifuniko vya bati vikiachwa kwenye darasa linalovuja, ikifika Aprili vyote vimeota kutu na namba hazisomeki, vya plastiki vya chupa za maji vinadumu zaidi na havipigi kelele.)

Neno "nyamaza" hapo juu ndilo gumu kuliko yote. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya walianza kujibu. Kwetu sababu ya kusubiri ni nzito zaidi. Mtoto wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo aliyelelewa kwa Kiha analisikia swali kwa Kiswahili, analitafuta maana, analijibu kichwani, kisha analirudisha kwenye Kiswahili. Hilo halifanyiki kwa sekunde moja. Hesabu moyoni mpaka tano. Itaonekana kama mwaka.

Na kifuniko kikimwangukia asiyejua? Hapa ndipo ari ya darasa hujengwa au hubomolewa mbele ya watu 100. Asisimamishwe, asisikie "kaa chini." Awe na ruhusa ya kusema "naomba msaada", mwenzake amsaidie, kisha jibu lirudi kwake alitamke mwenyewe kwa maneno yake. Hajaponyoka na hajaaibika. Kama darasa linacheka, mwalimu ashughulike na kicheko siku ileile, kwa sababu kicheko kimoja kisichokemewa kinafunga midomo 30 kwa muhula mzima.

Sasa makofi. Tunayapenda, na darasa lisilopiga makofi linapooza. Lakini makofi matatu yanayopigwa kwa jibu la "mbili jumlisha mbili" na yaleyale kwa mtoto aliyeeleza kwa nini nusu ni kubwa kuliko theluthi hayamfundishi mtu lolote. Kabla ya makofi, mwalimu ataje kilichofanyika: "Umekumbuka kukopa kumi kabla ya kutoa," "Umerudia kusoma sentensi mpaka ukaona kosa lako." Sifa ya namna hiyo humwambia mtoto afanye nini tena kesho. "Una akili sana" humwambia alivyo, na siku akikosa swali atahitimisha kwamba akili imekwisha. Ndiyo maana watoto wengine waliozoea kuitwa wenye akili hukwepa maswali magumu: wana cheo cha kulinda.

Kusahihisha madaftari ndiko kunakowavunja walimu moyo, basi tulifanyie hesabu. Daftari 100 kwa dakika moja kila moja ni dakika 100 kwa somo moja, na mwalimu ana masomo zaidi ya moja. Matokeo yake ni vema na mikasi iliyopigwa mbiombio, au daftari lisiloguswa mwezi mzima, na mtoto ambaye daftari lake haliguswi huacha kuandika. Gawa darasa makundi matano ya watoto 20. Kila siku sahihisha kwa kina kundi moja, dakika mbili kwa daftari, jumla dakika 40. Ijumaa unakuwa umemfikia kila mtoto mara moja kwa wiki. Yaliyobaki wasahihishiane wakibadilishana madaftari, majibu yakiwa ubaoni, nawe ukizunguka.

Katika hizo dakika mbili andika jambo moja aliloweza na jambo moja la kurekebisha, kwa maneno machache: "Aya ya kwanza inaeleweka. Weka nukta mwisho wa kila sentensi, rudia mistari mitano ya mwisho." Alama, kama 6/10, iache. Tunajua wazazi wanaitaka, na mwalimu mkuu pia anaitaka. Lakini mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti wa wanafunzi wa Israeli waliogawanywa makundi: waliopewa maoni peke yake walisonga mbele, na waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi waliopewa alama tu. Yeyote aliyewahi kurudisha madaftari anajua sababu. Mtoto anatazama namba, anatazama namba ya jirani, anafunga daftari. Alama ziwekwe kwenye majaribio ya mwezi. Na unaporudisha madaftari yenye maoni, toa dakika tano palepale warekebishe. Pasipo dakika hizo, maoni yako ni wino uliomwagika.

Kuhusu kusoma nafasi. Tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Shuleni bado kuna wanaosimama mstarini asubuhi wakisoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa 112. Fikiria mtoto aliyepata 22 mwezi Machi akapata 31 mwezi Mei. Amepanda kwa alama tisa, kazi kubwa, lakini kwa sababu wenzake nao wamepanda, anasikia "wa 87" kama alivyosikia mara iliyopita. Amefanya bidii na hakuna kilichobadilika masikioni mwake. Atafanyaje mara ya tatu? Tiba yake ni karatasi moja tu iliyobandikwa ndani ya jalada la daftari, yenye safu mbili, tarehe na alama, mtoto akijaza mwenyewe baada ya kila jaribio. Anashindana na mstari wa juu yake. Mzazi akija shuleni, mwonyeshe karatasi hiyo kwanza kabla ya kumtajia nafasi.

Hapo hapo tumalize na zawadi. Hatuzipingi, dazani ya madaftari ni msaada wa kweli kwa nyumba nyingi huku. Tatizo ni kwamba zinawaendea watoto watatu walewale tangu darasa la tatu, na wengine 97 wameshajua hazikuwekwa kwa ajili yao. Nusu ya zawadi ziende kwa waliopanda alama nyingi kuliko walivyokuwa. Tena zisitangazwe mapema. Mtafiti Mark Lepper na wenzake, mwaka 1973, waliwaahidi watoto wadogo waliopenda kuchora kwamba wakichora watapata cheti. Wiki chache baadaye watoto hao walikuwa wanachora kwa hiari yao kidogo kuliko zamani, lakini waliopewa cheti hichohicho bila kuahidiwa hawakupungua. Mwalimu anayesema "atakayesoma vizuri atapata pipi" amewafundisha kuwa kusoma ni kitu cha kulipwa, na pipi zikiisha kazi imesimama.

Fimbo ina watetezi wengi, na methali yao ni samaki mkunje angali mbichi. Watu wa mwalo wa Kibirizi, wanakoshusha samaki hapa Kigoma, wanamjua samaki kuliko mtu yeyote: mbichi hukunjwa kwa mkono, polepole, na aliyekauka ukimlazimisha anavunjika. Tuiache methali, tutazame kanuni. Kanuni za 2002 kuhusu viboko zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi viboko vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na tukio liandikwe kitabuni. Kukosa jibu la hesabu hakumo. Kwa hiyo mwalimu anayetembea darasani na fimbo akiuliza jedwali la saba hana kanuni nyuma yake, na hapati anachokitaka pia, kwa sababu mtoto mwenye hofu anakisia haraka ili zamu ipite.

Na kuchelewa? Mtoto aliyechelewa nusu saa anasimama nyuma ya mwembe akipiga hesabu: nikiingia nachapwa, nisipoingia leo hakuna atakayeniuliza mpaka Jumatatu. Anarudi nyumbani. Fimbo ya wachelewaji inatengeneza watoro, na siku mbili za utoro zinamfanya asielewe somo la siku ya tatu, ndipo linakuja lile neno la "mvivu." Badala ya mstari wa viboko, weka meza moja langoni, mwalimu wa zamu aandike jina, saa na sababu, mtoto aende darasani. Baada ya wiki tatu lisome daftari hilo. Utaona majina 12 yanayojirudia, na utaona sababu zinafanana: maji, mdogo wake, shamba, mwalo.

Sababu ya mwalo ina kalenda yake, na tunashangaa ni shule chache zinazoifuata. Mitumbwi ya dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Usiku wa giza ukizaa dagaa wengi, asubuhi yake watoto wanahitajika kuanika. Kwa hiyo mwalimu wa shule za mwambao aangalie mwezi kabla ya kupanga jaribio au kuanza mada mpya. Mada nzito, kama vile sehemu au ngeli, zianze wiki ya mbalamwezi, na wiki ya giza iwe ya marudio na mazoezi, ambayo mtoto akikosa siku moja hajakosa mlango mzima. Huku juu Kasulu kalenda ni siku ya soko na mvua za kwanza za kupanda. Hatusemi utoro uhalalishwe, mzazi aitwe na aambiwe. Tunasema azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha mada, lisiandikwe kana kwamba shule iko Dar es Salaam.

Wenzetu wa sekondari wana ukuta wa ziada, yaani Kiingereza. Darasa la kidato cha kwanza lililo kimya mara nyingi halijakosa ari, limekosa maneno. Wape dakika mbili wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, kisha andika ubaoni mwanzo wa sentensi ya Kiingereza waikamilishe, na mmoja wa kila jozi aitamke. Sentensi iliyoanzishwa ni kama kamba ya kuvukia mto. Ifupishe kadiri muhula unavyokwenda. Na kadi ya aibu anayovishwa shingoni anayeongea Kiswahili itupwe, kwani inafundisha kunyamaza tu.

Mifano ya somo itoke hapa. Dumu la lita 20 la mawese limegawanywa kwenye chupa za nusu lita, chupa ngapi? Mtoto aliyemsindikiza mama yake sokoni anaona swali hilo kabla hujamaliza kuliandika. Uvinza hutengenezwa chumvi kwa kukausha maji ya chumvi, basi uvukizwaji usichorwe kwa birika la kitabuni wakati mfano uko ndani ya mkoa. Hifadhi ya Gombe iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwendo wa boti tu, na mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika pale 1960 alianza na darubini na daftari, akawaona sokwe wakichokoa mchwa kwa vijiti vya nyasi. Mtoto anaweza kupewa kazi hiyohiyo na kuku wa nyumbani: mtazame dakika kumi, andika kila anachofanya, bila kuandika unachodhani. Kesho darasa lina kurasa 100 za data na hakuna aliyenakili, maana kuku wao si mmoja.

Uji tunautaja kwa kifupi, kwa sababu kila mtu anaujua na haupatikani kila shule. Gramu 60 za unga kwa mtoto ni kilo sita kwa watoto 100. Utolewe kabla ya saa nne na nusu; ukitolewa saa saba umelisha watoto ambao vipindi vigumu vimeshawapita wakiwa wamelala.

Kwa walimu watakaotaka kujaribu, msianze na yote haya kwa wiki moja, mtachoka na watoto watachanganyikiwa. Kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) cha shule chagueni jambo moja, tuseme maswali matatu ya kufungulia kipindi, mlijaribu kwa wiki mbili katika darasa moja. Mwenzako akae nyuma kipindi kimoja kila wiki, asitazame unavyofundisha, ahesabu kitu kimoja tu: watoto wangapi wa madawati mawili ya mwisho wamejibu au kuuliza jambo. Andikeni namba hiyo siku ya kwanza na siku ya kumi. Kama haikupanda, badilisheni ugumu wa swali la kwanza kabla hamjabadilisha kitu kingine. Mara nyingi huwa ni gumu mno.

Walimu wawili wa taaluma,
Kigoma-Ujiji na Kasulu